Eda Mbili kwa Mume Mmoja

Bi Mize alizikwa Ole asubuhi, nami nikafika adhuhuri. Nilipopata habari nilikaa kitandani nikifikiria kama mtu kama mimi, asiye ndugu wala jirani, ana haki ya kufika msibani mapema au anatakiwa awaachie wenyewe kwanza. Nilipoingia, uani kulikuwa na wanawake wengi wameketi kwenye majamvi, na wawili nisiowajua walikuwa wakichambua mchele karibu na pale nilipopata nafasi. Mmoja akamwambia mwenziwe, bila ya kupunguza sauti, "Ndiye huyu aliyekaa eda mara mbili kwa mume mmoja." Mwenziwe akaacha kuchambua. "Mara mbili vipi? Mume alifufuka?" "Hakufufuka, kwani alijulikana amekufa? Walimwita kule chuoni Wete wakamtia maneno, akarudi nyumbani akavua dhahabu." "Basi wasomi walimchezea." "Walimchezea, na nyumba ikaenda." Nilitaka kuwaambia haikuwa hivyo. Nikaanza kuyapanga maneno: niseme kwanza kwamba nilikuwepo, au nianze na salamu, au nimwachie mtu wa nyumbani aseme? Nilipokuwa tayari, walikwisha kuhamia kwenye habari ya mvua na mihogo iliyooza, na mimi nikabaki na jibu langu mdomoni. Ndivyo nilivyo. Jambo nalifikiri mpaka linapoa, halafu nalila peke yangu. Kwa hiyo naandika hapa nilichoshindwa kukisema pale jamvini.

Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilikaa mtaa wa Jadida, nyumbani kwa Bi Mize, kwa kuwa dahalia ilijaa na nyumbani kwetu Kiuyu kulikuwa mbali mno kwa mtu mwenye vipindi vya asubuhi. Chumba changu kilikuwa cha nyuma, dirisha likitazama uani, na kila asubuhi niliamshwa na sauti ya mbuzi ya kukunia nazi. Chumba cha mbele, kilichotazama njia, hakikukaliwa na mtu. Kilikuwa cha Faki, mume wa Bi Mize, aliyekuwa fundi cherehani. Kabla mimi sijazaliwa Faki alivuka kwenda Tanga kutafuta kazi, akaleta salamu mara mbili tatu kwa watu waliokuwa wakirudi, kisha zikakatika. Wapo waliosema wamemwona Mombasa, wapo waliosema Ngazija, na yupo mmoja aliyeapa kwamba alimsikia sauti tu, nyuma ya ukuta, akibishana na mtu juu ya vifungo vya kanzu. Yeye na Bi Mize hawakujaaliwa mtoto. Bi Mize alikifagia chumba kile kila Alhamisi, akafungua madirisha, kisha akayafunga. Jikoni alimtaja kama mtu aliyetoka kwenda sokoni. Tukipika boga alisema Faki halipendi. Tukichemsha shelisheli alisema Faki akilila hutaka chumvi pembeni, tena ya mawe, si ya unga. Mwezi wa Shaaban, wanawake wa mtaani walipokusanyika kuwarehemu wazee wao, kila mmoja akitaja maiti zake ili wasomewe, Bi Mize alitaja babake na mamake na dada yake mmoja, akanyamaza. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Bibi aliyekuwa akipokea majina alisubiri kidogo, kama anayempa nafasi, halafu akamgeukia mwingine. Hakuna aliyeuliza. Nilidhani wakati ule kwamba huo ni ukatili. Siku hizi nadhani ilikuwa adabu, na mara nyingine usingizi unaponikataa nadhani tena kwamba ni ukatili.

Chuoni, mwaka huohuo, mwalimu wetu wa historia, Mwalimu Shaame, alianzisha mazungumzo ya Jumatano baada ya Alasiri. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyependa kufuta ubao hata kama haukuandikwa kitu. Alisema tunasoma historia za mbali na hatujui za nyumbani kwetu, kwa hiyo kila Jumatano ataleta mtu: mara mtangazaji mstaafu atufundishe namna ya kusimulia, mara mtu wa makumbusho atwambie kumbukumbu ni nini, na mara afisa kutoka Unguja aje kuzungumza habari za ajira, kwa sababu mkuu wa chuo alikuwa hakubali mazungumzo yasiyotaja ajira. Feni za ukumbini hazikuzunguka. Wanafunzi walikuja wengi siku yenye sambusa na wachache siku yenye maji matupu. Rafiki yangu Nassra alizoea kuniuliza mlangoni, "Leo kuna kula au kuna historia?" Nikisema historia, alisema, "Basi nikalie kiti cha pembeni, nikitoroka nisisumbue watu." Lakini hakutoroka. Alikaa mpaka mwisho, akacheka mahali pasipostahiki kicheko, na ni yeye peke yake katika sisi aliyeniambia wazi kwamba anaogopa yatakayokuja baada ya chuo.

Mimi mazungumzo ya ajira yalinitia homa. Afisa mmoja mwenye koti zito alituambia tufumbe macho tujione tutakuwa wapi baada ya miaka mitano. Nilifumba nikaona giza, na ndani ya giza nikajiuliza kama wenzangu wanaona kitu au nao wanaona giza ila wana adabu ya kutabasamu. Nilirudi Jadida nikamsimulia Bi Mize alipokuwa akimenya mihogo. Aliniuliza, "Na weye ulijiona wapi?" Nikamwambia sikujiona popote. Akatupa ganda la muhogo kwenye ndoo. "Na yeye huyo bwana, alijiona?" "Hakusema, Bi." "Angejiona angesema. Mtu wa koti huyo asingenyamaza." Akanipa kisu cha pili nimenye naye. Nilimenya, lakini fikra zangu zilikuwa kwenye mwisho wa mwaka. Mtihani ulinitia hofu kidogo. Hofu kubwa ilikuwa siku ya baada ya mtihani, nitakapoamka bila ya jina la darasa wala mwaka, na mtu akaniuliza mimi ni nani.

Ndipo Mwalimu Shaame alipotangaza kwamba kutakuwa na mradi wa kukusanya masimulizi ya wazee wa Pemba, na kwamba utahitaji msaidizi mmoja atakayebaki baada ya masomo, mwenye mshahara. Angemtafuta kati ya wale watakaoonyesha bidii kwenye mazungumzo ya Jumatano. Kabla ya hapo alitaka mzee mmoja aje ukumbini azungumzie maisha ya makambi ya karafuu, pale watu walipohamia mashambani msimu mzima wakichuma na kuanika. Nikasema ninakaa na mtu anayejua. Bi Mize alikataa mara ya kwanza. Alisema hana meno ya kusema mbele ya watu. Mara ya pili aliuliza kama watakuwepo wanaume. Mara ya tatu, nilipokuwa nimekwisha kukata tamaa, alisema tukiwa tunakunywa chai, "Wataka nikaseme karafuu tu?" "Karafuu tu, Bi." "Hawataniuliza mambo ya ndani?" "Hawataki mambo ya ndani." "Basi nitakwenda. Karafuu si siri ya mtu." Siku ya mazungumzo alivaa gauni la zambarau na hereni za dhahabu alizoolewa nazo, akajifukiza udi, na tulipokuwa njiani alisimamishwa kila baada ya nyumba chache na watu waliotaka kujua anakwenda harusini kwa nani. "Nakwenda chuo," aliwajibu, na kila alivyolisema neno hilo ndivyo alivyozidi kulipenda.

Ukumbi ulijaa, kwani kulikuwa na sambusa. Mwalimu Shaame alisimama amtambulishe mgeni, na kama ilivyo kawaida yetu hakuanza na yeye. Alianza na watu wake, ili kila mmoja ajue mgeni anatoka wapi. Alimtaja babake, akasema Mwenyezi Mungu amrehemu, na ukumbi ukaitikia amin. Akamtaja mamake, Mwenyezi Mungu amrehemu, amin. Kisha, kwa mwendo uleule, kama mtu anayeshuka ngazi na miguu imekwisha kuzoea, akasema, "Na ni mke wa marehemu Faki, fundi cherehani maarufu hapa Wete, Mwenyezi Mungu amrehemu." Ukumbi mzima ukasema amin. Sauti ya vijana wengi kwa pamoja ni kitu kizito, inakupiga kifuani. Nami niliitikia. Mdomo wangu uliitikia kabla sijasikia ni nini kilichosemwa. Nilimtazama Bi Mize. Alikuwa ametulia, mikono mapajani, macho yake kwenye vipaza sauti, kama anayengoja mashine nazo ziitikie. Mwalimu Shaame mwenyewe hakutambua kitu. Alimkaribisha, na Bi Mize akasimama akazungumza karafuu. Alizungumza vizuri mno. Alieleza namna ya kuvunja vikonyo, vijiti vinavyoshika karafuu, kwa kiganja, vibarua walivyokimbilia majamvi wingu likitanda, na msichana mmoja aliyeficha barua ya mchumba ndani ya pakacha la karafuu ikaja kusomwa na msimamizi mbele ya kambi nzima. Watu walicheka. Nassra alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi peke yangu nilikuwa nikitazama mikono ile, ambayo haikuondoka mapajani hata aliposimulia kuvunja vikonyo.

Njiani kurudi, waliomsimamisha wakati wa kwenda hawakumsimamisha tena. Nyumbani alikaa juu ya kitanda chake, mlango wazi, akavua hereni moja, akapumzika, akavua ya pili. "Raya," akaniita, "ulisikia?" Nikasema nilisikia. "Waliitikia wote?" "Wote, Bi." "Na weye?" Sikuweza kusema uongo. "Na mimi." Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayethibitisha hesabu aliyokwisha kuipiga. Nilianza kumweleza kwamba Mwalimu alikosea, kwamba ulimi ulimteleza, kwamba kesho nitamwambia aje aombe radhi. Alininyamazisha kwa mkono. "Miaka yote hii nangojea mtu mmoja tu aniambie. Kaka yangu haniambii. Majirani wanizunguka. Shehe nikimuuliza, aniambia nivute subira. Leo mtu kasema, na watu wameitikia amin, tena watoto wasio na hila." Akaomba nimletee kanga zake za zamani, zile zilizopauka. Akavua gauni la zambarau, akalikunja, akanipa. "Hili liweke wewe. Mimi nimeingia eda."

Kwa asiyejua: mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani kwake miezi minne na siku kumi tangu mumewe afariki. Hajipambi, hajitii manukato, haposwi, na hatoki ila kwa dharura. Kila mwanamke mtaani analijua hilo, na kila mmoja alijua pia kwamba mtu haingii eda kwa sababu mwalimu wa historia amekosea ukumbini. Habari zilifika Ole kabla ya Ijumaa. Mzee Kombo, kaka yake Bi Mize, alikuja na baskeli yake, akaiegemeza ukutani, akaingia bila ya kuvua kofia ya jua. Nilikuwa uani nikifua, na maneno yao niliyasikia yote.

"Mize, inuka uoge, uvae nguo."

"Nimeoga, kaka. Na nguo nimevaa."

"Usinifanyie mchezo. Eda ya nani? Umeona kaburi? Umeletewa salamu za kifo?"

"Nimeletewa amin."

"Amin ya watoto wa skuli." Kisha akashusha sauti, na mimi nikaacha kusugua ili nisikie, jambo ambalo sioni haya kulisema. "Hebu nisikilize vizuri. Nyumba hii ni ya Faki. Madhali hajulikani yu hai au amekufa, hakuna anayeweza kuigusa, na wewe umo ndani unamngojea mumeo. Siku utakayosema amekufa, ni ya warithi. Huna mtoto. Utapata robo, na watoto wa nduguze watachukua iliyobaki. Ukimzika Faki, unaizika na paa lako. Unanielewa?"

"Nakuelewa tangu zamani. Ndiyo sababu hukuniambia?"

Nilisikia kiti kikisukumwa. Baadaye nilimkuta Mzee Kombo kibarazani amekaa karibu na baskeli yake, kofia imo mikononi, akitazama upande wa pili wa njia ambako hakukuwa na kitu cha kutazamwa. Nilimsalimu, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Aliniuliza kama dada yake anakula. Nilisema anakula. "Mpikie shelisheli," akasema, "alikuwa analipenda hilo." Nikajiuliza ni nani basi aliyekuwa akilipenda, Faki au Bi Mize, na kwa miaka mingapi mwanamke huyu alikuwa akila chakula chake kwa jina la mtu mwingine.

Mwalimu Shaame alikuja wiki ileile. Wajane walio edani hawaonani na wanaume wasio ndugu, kwa hiyo alikaa kibarazani na Bi Mize akakaa ndani, pazia la mlango katikati yao, na mimi kizingitini kama mtu anayeshika ncha mbili za kamba. Mwalimu alizungumza na pazia. Alisema alipokuwa mtoto akitumwa kwa Fundi Faki kupeleka suruali za babake, na kwamba kwa kuwa kila aliyemjua utotoni amekufa, kichwa chake kilimweka Faki pamoja nao bila ya kumuuliza. Alisema yeye ndiye anayewafundisha vijana wasiseme wasilolihakiki. Pazia likasema, "Mwalimu, suruali zilikuwa za rangi gani?" Akashangaa. "Kaki, Bi." "Zile za mifuko ya nyuma yenye vifuniko?" "Hizo hizo." "Basi wamkumbuka kweli." Halafu Bi Mize akaniambia nimpelekee mwalimu chai. Mwalimu aliinywa yote, ingawa nilisahau sukari.

Shehe wa msikitini naye alikuja, akazungumza kwa upole. Alisema kungoja kwake hakukatazwi kwisha, lakini mwenye kukatisha kungoja huko ni kadhi, kwa ushahidi, na kwamba eda anayoikaa sasa ni ya moyo wake tu. Bi Mize akajibu kwamba ataikaa hiyo ya moyo huku akingoja ya kadhi. Kwa hiyo ombi likapelekwa mahakamani. Kadhi akaamuru litangazwe redioni na misikitini, mwenye habari za Faki fundi cherehani wa Wete, aliyevuka kwenda Tanga, azilete. Tulisikiliza tangazo hilo jikoni. Bi Mize aliongeza sauti, na jina lilipotajwa alisimama wima na mwiko mkononi, kama watu wanavyosimama anapopita mkubwa. Majuma yalipita. Hakuna aliyekuja. Wanawake waliomtembelea walizungumza mambo mengine, lakini walipofika uani kuvaa viatu nilisikia yaliyobaki. "Nyumba aitoa bure." "Uzee umemruka." "Hapana, ana lake. Labda yupo mposaji." Hilo la mposaji lilinichekesha mpaka likaniuma, kwa sababu mimi nilikuwa nikimuona asubuhi, amekaa kwenye kigoda, hafanyi kitu, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeshusha mzigo na bado hajaamini kwamba shingo ni yake.

Siku ya kusikilizwa nilimsindikiza. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo na chenye joto, na kadhi alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia, mwenye miwani na mafua. Alimwomba Bi Mize aeleze. Nilikuwa nimekaa naye miezi mingi na sikuwahi kuyasikia: namna Faki alivyoondoka alfajiri bila ya kumwamsha, na namna yeye alivyokuwa macho lakini akajifanya amelala, kwa kuwa walikuwa wamegombana juu ya kitu kidogo na kila mmoja alitaka mwenziwe aanze. Alilisema hilo bila ya kulia. Kadhi alipangusa pua, akauliza kama yupo shahidi kwamba alitafutwa. Mzee Kombo akasimama. Sikujua kama angekuja, na nadhani hata dada yake hakujua. Alisema alikwenda Tanga, na mwaka mwingine Mombasa, akauliza kwa mafundi na kwa watu wa Pemba walioko huko, akarudi mikono mitupu. "Na kwa nini hukumwambia dada yako?" kadhi akauliza. "Kwa sababu angeniuliza nini nafikiri." "Na unafikiri nini?" Mzee Kombo alimtazama dada yake kwa muda, nyumba nzima ikiwa imo katika mtazamo ule. "Nafikiri amekufa, Shehe. Nafikiri hivyo tangu zamani."

Hukumu ilitoka kwamba Faki ahesabiwe kuwa amefariki. Kisha kadhi akavua miwani, akasema jambo ambalo sote hatukulifikiria. Alisema eda inahesabiwa tangu siku ya hukumu. Zile siku alizokaa, zilizokuwa zinakaribia kwisha, hazimo. Angeanza upya. Nilihisi hasira kwa niaba yake. Bi Mize aliuliza tu, "Na hii sasa ndiyo yenyewe?" Kadhi akasema ndiyo. "Basi twende nyumbani, Raya, tusije tukachelewa." Hii ndiyo eda ya pili ambayo wale wanawake walikuwa wakiicheka juu ya mchele. Ya kwanza alijitwisha kwa kuwa hakuna aliyemruhusu kulia. Ya pili alipewa na sheria. Mimi niliyemtumikia zote mbili naweza kusema kwamba katika ya kwanza alikuwa na amani, na katika ya pili ndimo alimolia.

Mwalimu Shaame aliniita ofisini mwezi mmoja kabla ya mtihani. Alisema Jumatano ya mwisho ni ya wanafunzi, na wale wa mradi watakuwepo, na kama ningesimulia yaliyotokea Jadida hakuna ambaye angenishinda. Alilisema akifuta ubao, hakunitazama. Nililibeba jambo hilo siku kadhaa. Nilijiambia ni historia, kisha nikajiambia ni mwanamke aliye edani. Mwishowe nilimuuliza mwenyewe. Bi Mize alikuwa akipepeta mchele. "Wakikusikia watakupa kazi?" "Huenda, Bi." Akafikiri kweli, nililiona hilo. "Nikiwa hai, hapana. Nikifa, sema utakavyo, lakini usinifanye mwerevu." Jumatano ya mwisho nilisimama nikazungumzia majamvi ya kuanikia karafuu. Nilipoteza mpango, nikamaliza mapema. Kazi alipewa mwanafunzi mwingine, tena aliyeistahiki. Nassra aliniambia tukitoka, "Mwenzangu, majamvi?" Sasa hivi ninajitolea kufundisha katika skuli moja ya Chake, nangojea ajira, na kila mwaka naambiwa mwakani.

Siku ya kutoka eda ilinikuta nimemaliza mtihani wa mwisho siku chache tu nyuma. Wanawake walijaa nyumbani tangu asubuhi. Walimkogesha, wakamvisha kanga mpya, wakamtia udi na manukato ya haludi mpaka nyumba yote ikanukia, wakaimba, na mmoja akamtania kwamba leo wazee wote wa Jadida wamenyoa ndevu. Bi Mize alicheka pamoja nao. Alasiri alipita mpwa wa Faki kutoka Mtambwe, kijana mwenye haya, akapiga hodi na kusimama nje. Alisema warithi hawana haraka, Bibi akae hata mwaka. Bi Mize alimshukuru, akamwambia kaka yake atakuja kesho na gari kumchukua, na kwamba chumba cha mbele kinavuja kidogo pembeni, wasisahau kukiziba kabla ya masika. Kijana alisimama pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaaga.

Wageni walipokwisha kuondoka tulikaa sebuleni sisi wawili, sinia za watu zikiwa zimepangwa mlangoni. Nilitazamia aseme kwamba amepumzika. Akasema, "Yule bwana wa koti aliyewauliza mtafanya kazi gani. Mimi nilikuwa na kazi, Raya. Mtu akiuliza yule nani, aambiwa yule mke wa Faki, amngojea mumewe. Watoto wa mtaani wote walinijua kwa kazi hiyo. Leo nimeachishwa." Nikamwambia si kuachishwa, ni kumaliza. "Haya, kumaliza. Na weye juzi umemaliza yako. Weye ndiye uliyesoma. Mtu akishamaliza, afanya nini?" Alinitazama kama anayetaka jibu kweli, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye ukumbi ule mwaka mzima, Jumatano baada ya Jumatano. Nikamwambia sijui. Akajikaza akasimama kwa kushika ukuta, akasema jua linazama na kula lazima tutakula, akaenda jikoni. Nilimsikia akivunja nazi, akatulia, kisha akaanza kukuna.